Kulala Huku Njia Ikienda

Mwaka 1901 kilichapishwa huko Göttingen, Ujerumani, kitabu kilichopewa jina Safari za Wasuaheli. Mkusanyaji wake ni Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani katika pwani ya Mrima kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili mjini Berlin. Ndani ya majalada yale wamekaa pamoja wasafiri ambao njia zao hazikufanana hata kidogo. Mmoja, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda katika nchi ya Bagamoyo, anasimulia safari yake ya Udoe hata Uzigua, safari ya miguu katika nchi iliyo nyuma tu ya pwani yake. Mwengine, Sleman bin Mwenye Chande, anasimulia safari ya bara pamoja na msafara wa biashara. Na wa tatu, Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Visiwa vya Komoro, anasimulia alivyotoka Berlin mwaka 1896 akaenda Urusi na Siberia, na sehemu kubwa ya safari hiyo aliifanya ndani ya gari la moshi.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kukitaja kitabu hiki kwa ajili ya khabari za misafara. Safari ya Siberia huhesabiwa kuwa ni kioja, kitu cha kuchekesha kidogo, Mswahili aliyevalishwa makoti ya manyoya. Hukumu hiyo si ya haki. Ukizisoma safari hizi pamoja, kama zilivyochapishwa, utaona kuwa Salim alifikwa na jambo ambalo Mtoro na Sleman hawakulijua walipokuwa njiani, na ambalo baadaye limewafika watu wote wa pwani: msafiri kulala usingizi huku njia ikienda.

Jambo hili leo halimshangazi mtu. Lakini lilikuwa ni mapinduzi makubwa katika mambo ya safari, na ili kuyaelewa inafaa kwanza kukumbuka watu wa Bagamoyo walivyolala.

Katika msafara, mchana ulikuwa wa kwenda na usiku ulikuwa wa kukaa. Watu waliamshwa alfajiri, mizigo ikafungwa na kugawiwa, kila mpagazi na mzigo wake wa kadiri ya frasila mbili, wakenda mpaka jua lilipokuwa kali. Hapo kambi ilitafutwa, penye maji na kuni. Miiba ilikatwa ikazungushwa boma, mioto ikawashwa, na watu wakajigawa makundi ya kupika na kula pamoja. Wavuvi wa Pemba na Unguja wanaojua maana ya dago hawana haja ya kuelezwa zaidi: ni mji wa siku chache, wenye sheria zake, wakubwa wake na ugomvi wake. Basi safari ndefu ya bara ilikuwa ni mlolongo wa vijimji kama hivyo, na msafiri aliporudi alihesabu safari yake kwa kambi zake. Hapa tulilala, pale tulilala. Kila usiku ulikuwa na mahali pake na jina lake.

Ilikuwapo dharura moja iliyovunja kanuni hiyo, nayo iliitwa tirikeza. Msafara ulipofika ukingoni mwa nchi isiyo na maji, kama vile Mgunda Mkali baina ya Ugogo na Unyanyembe, watu walipika na kunywa mapema, wakajaza vibuyu, wakatoka mchana wakati wa kupumzika na kwenda mpaka gizani, wakalala popote bila ya maji ili asubuhi wayafikie. Wapagazi waliichukia tirikeza, na haishangazi. Mwenda usiku haoni anapokanyaga, na aliyelala pasipo boma hajui ataamkaje. Kwa mtu wa msafara, kwenda usiku kulikuwa ni shida inayovumiliwa, na hakuna aliyedhani kuwa siku moja watu watalipa fedha nyingi zaidi ili waende usiku.

Salim bin Abakari hakuwa mtu wa kwanza kutoka upande huu wa bahari kupanda treni Ulaya. Sayyid Barghash bin Said alizuru Uingereza mwaka 1875, na khabari za ziara yake ziliandikwa na Zahir bin Said aliyefuatana naye. Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiarabu. Kabla yake, mwaka 1867, dada yake Sayyida Salme alishuka Marseille na mumewe akenda naye mpaka Hamburg; naye aliandika mambo yake kwa Kijerumani. Berlin nayo ilikuwa imekwisha kuwapokea walimu wa Kiswahili kutoka Unguja katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa mwaka 1887, akiwamo Amur bin Nasur, aliyeyaandika maajabu ya mji ule kwa Kiswahili. Lakini Amur aliandika juu ya mji anamokaa. Salim aliandika juu ya njia, siku baada ya siku na nchi baada ya nchi, tena kwa Kiswahili, na kwa hilo nafasi yake ni ya peke yake.

(Barghash, kwa kupisha maneno, alirudi na hamu ya reli. Haikupita miaka mingi akatandika njia ndogo ya chuma kwenda Chukwani, na magari yake mwanzoni yalivutwa na nyumbu. Wazee wanaokumbuka kusimuliwa juu ya gari la Bububu, lililoanza kwenda mwaka 1905, aghalabu hawajui kuwa Unguja ilikuwa imekwisha kuona reli kabla ya Bagamoyo, na kabla ya bara zima ya Tanzania ya leo.)

Salim alikwenda Urusi akiwa mtumishi. Bwana wake alikuwa Dk. Theodor Bumiller, na jina hilo si geni katika historia ya Mrima. Bumiller alikuwa msaidizi wa Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa na jeshi mwaka 1889 kuja kuvunja upinzani wa Bushiri bin Salim na watu wa pwani. Vita vikali vya mwanzo vya jeshi hilo vilipiganwa nje ya mji wa Bagamoyo, kwenye boma la Bushiri, mwezi wa Mei mwaka ule. Kabla mwaka haujesha Bushiri alinyongwa Pangani. Baadaye Bumiller alikwenda na Wissmann katika safari ya kupeleka meli Ziwa Nyasa, na Salim alikuwamo. Safari hiyo pia ameiandika, na imo katika kitabu kile kile. Basi yule aliyekwenda kuwinda Siberia mwaka 1896 na mtumishi wake mweusi walikuwa watu waliokwisha kujuana kwa miaka, katika mambo ambayo mmoja wao aliyaita ushindi.

Safari kutoka Berlin kwenda St. Petersburg kwa miaka ile ilipita Prussia Mashariki mpaka mpakani, baina ya kituo cha Kijerumani cha Eydtkuhnen na cha Kirusi cha Wirballen. Njia yenyewe ilikuwa zaidi ya kilomita 1,600, na hapana aliyeimaliza bila ya kulala njiani angaa usiku mmoja. Mwaka ule ule wa 1896 kampuni ya magari ya kulala iliyoasisiwa na Mbelgiji Georges Nagelmackers ilianzisha treni yake ya fahari ya kuunganisha Ulaya ya Magharibi na St. Petersburg, yenye vitanda vya shuka safi, taa, na mtumishi wa behewa. Hata treni hiyo haikuweza kuvuka mpaka. Reli za Ulaya ya kati zina upana wa milimita 1,435 na za Urusi milimita 1,524; tofauti ya kadiri ya urefu wa kidole, lakini kidole hicho kilitosha kuwatoa abiria wote vitandani, matajiri kwa maskini, wakabadili treni.

Na hapo mpakani palikuwa na jambo jengine. Urusi ya wakati ule haikumwingiza mgeni asiye na pasi iliyogongwa muhuri wa balozi wake. Pasi zilikusanywa, zikapelekwa kukaguliwa, na abiria wakangoja mizigo yao ikifunguliwa. Mtu wa msafara aliijua hongo, ile kodi ya kupita aliyolipa kwa watemi wa Ugogo kwa vitambaa na shanga, baada ya siku za mabishano. Hongo ilikuwa ni ya msafara mzima: kiongozi alikwenda kuisemea, na wote wakapita au wote wakakaa. Pasi ni ya mtu mmoja mmoja. Kila mmoja huitwa kwa jina lake, akatazamwa uso wake, akapita au akarudishwa, hata kama wenziwe wamekwisha kupanda. Haifai kulipita jambo hili haraka, kwani litarudi tena katika khabari ya yule mtu wa Dunda.

Magari ya Urusi yalipakwa rangi kufuata madaraja: la kwanza buluu, la pili manjano, la tatu kijani. Katika daraja la tatu mtu alilala juu ya ubao, na tandiko lake ni alilokuja nalo. Desturi ya Ulaya kwa jumla ilikuwa bwana kulala katika daraja lake na mtumishi kukaa katika daraja lililo chini yake, akija kituoni kuuliza kama bwana anahitaji kitu. Mtu aliyekwenda hivyo aliona mambo ambayo bwana hakuyaona. Kabla ya treni kuondoka, kengele ilipigwa mara tatu, na baina ya kengele ya kwanza na ya tatu abiria wa madaraja ya chini waliteremka na mabirika yao kuteka maji ya moto ya chai. Wakulima, askari, mahujaji wa Kikristo na Watatari Waislamu waliketi goti kwa goti. Katika behewa la namna hiyo hakuna pazia la kujifichia wala mlango wa kufunga, na mtu akisinzia kichwa chake huangukia bega la asiyemjua.

Kwa Mwislamu safarini treni ilileta maswali yake, ambayo bado yanaulizwa. Msafiri ana ruhusa ya kufupisha sala na kuzikusanya, hilo halina shaka. Lakini kibla kipo wapi, na reli inapinda? Katika kambi mtu alitazama jua, akaweka mkeka wake, na kibla kikakaa pale alipokiweka. Ndani ya behewa mtu hukabili kibla na kabla hajamaliza rakaa mbili njia imekwisha kumgeuza. Na huko kaskazini ya mbali, wakati wa kiangazi, jua hukataa kuzama kabisa. Magharibi na alfajiri hukaribiana mpaka zikashikana. Usiku wenyewe, ambao mtu wa ikweta hakudhani kuwa unaweza kukosekana, unakuwa mwembamba kama pazia la dirisha.

Kutoka Moscow alielekea mashariki. Reli kubwa ya Siberia ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1891, na mwaka 1896 ilikuwa haijafika hata nusu ya urefu iliokusudiwa. Reli ilipokwisha, msafiri alipanda meli ya mtoni, na meli ilipokwisha akapanda gari la farasi. Kwa hivyo safari ya Salim ilimchukua kutoka gari la moshi akarudi polepole kwenye safari za namna aliyoijua tangu Nyasa: wanyama, mizigo, mahema, watu wa kuonyesha njia. Na hapa msomaji makini ataona kalamu yake inavyonyooka. Anawaeleza Wakalmiki, wanavyoishi, wanavyokula, dini yao. Anatazama kama mtu wa Mrima anavyowatazama watu wa bara, kwa udadisi, na kwa dharau kidogo, kama waungwana wa pwani walivyofundishwa kuwatazama wote wasio waungwana wa pwani. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, huko anakopita, ndiye kioja. Mtu mweusi katika nchi ambayo watu wake hawajapata kumwona mtu mweusi hana haja ya kutafuta vioja, vinamfuata mlangoni.

Mtu anaweza kumlaumu Salim kwa hilo, na wako waliomlaumu: kwamba alitazama kwa macho ya bwana wake. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli mzima. Wissmann na wenziwe hawakuwafundisha watu wa pwani kuwaita watu wa bara washenzi. Neno hilo walilikuta. Na Salim alikuwa na kitu ambacho Bumiller hakuwa nacho, yaani udugu wa dini na watu aliowakuta kwenye njia ya kurudi, katika nchi za Waislamu wa Asia ya Kati. Samarkand ilikuwa imefikiwa na reli ya Warusi mwaka 1888, reli ya kijeshi iliyojengwa juu ya mchanga kutoka Bahari ya Kaspi ili kuzishika nchi zilizotekwa. Msikitini Samarkand, anayejua Fatiha anaingia kama mwenyewe, na bwana wake ndiye anayengoja nje na viatu vyake miguuni.

Ni vyema kusema wazi kuwa Salim haandiki kuhusu usingizi. Haketi akaeleza anavyosikia magurudumu chini ya ubavu wake, kama ambavyo mwandishi wa leo angefanya kwa kurasa tatu. Uandishi wa safari wa Kiswahili wa zama zake haukuwa na mlango wa mambo ya ndani ya nafsi. Lakini mpangilio wa khabari zake unasema. Mtu wa miguu hawezi kuiruka nchi: kama alipita, aliikanyaga, na kama aliikanyaga ana la kusema. Mtu wa treni ana mapengo. Huwa yuko katika mji huu, halafu yuko katika mji ule, na baina yake ni saa nyingi na usiku mmoja, na usiku huo hauna jina la mahali. Wala Kiswahili hakikuwa na neno tayari kwa mahali anapolala mtu wa namna hiyo. Baadaye lilitafutwa, likapatikana behewa, na safari ya neno hilo yenyewe inapendeza: kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni ua wa ndani wa nyumba kubwa ya mawe, mahali pa faragha palipozungukwa na vyumba. Watu wa pwani waliliondoa ndani ya nyumba wakalitia juu ya magurudumu.

Kitabu cha 1901 kilipotoka, mtu wa Dunda alikuwa amekwisha kuhamia Ulaya mwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuwa mwalimu wa Kurani huko Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kuwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili katika Seminari. Mwaka 1903 kilitoka kitabu kilichompa jina, Desturi za Wasuaheli, ambacho mpaka leo hakuna anayeandika juu ya ndoa, unyago, matanga, ngoma na sheria za watu wa Mrima bila ya kukipitia, ingawa kwa miaka mingi jalada lilikuwa na jina la Velten na la Mtoro lilifichwa ndani. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakapanda meli wawili hao kurudi kwao Mtoro.

Hawakuruhusiwa kushuka. Serikali ya Afrika Mashariki ya Kijerumani haikuwa tayari kuona katika mitaa ya koloni lake mtu mweusi akitembea na mke wa Kizungu, na mtu aliyezaliwa Dunda, aliyesomesha watoto wa Bagamoyo, aliyeiandikia Ujerumani yenyewe kitabu cha kuijulisha nchi inayoitawala, akazuiwa kwenye meli mbele ya pwani yake na kurudishwa Ulaya. Mtoro ni jina la kawaida huko Mrima, lakini mwenye jina hili hakutoroka, alifungiwa mlango. Tofauti ya hongo na pasi, iliyotajwa juu, hapa ndipo ilipouma. Msafara haukuwapo wa kumsemea.

Mwaka huo huo wa 1905 ndio reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Bagamoyo ilikuwa imekwisha kunyang'anywa makao makuu ya koloni tangu 1891, lakini misafara iliendelea kuingia, kwani miguu ya wapagazi ilikuwa na mazoea yake na haikusikiliza tangazo la gavana. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Kila stesheni iliyofunguliwa ilikuwa ni kambi iliyofungwa. Njia ambayo msafara uliitembea kwa miezi, treni iliipita kwa siku chache, usiku ikiwa humo humo. Bandari isiyo na kina, isiyo na reli na isiyo na gavana, haikuwa na la kuwapa wenye bidhaa. Nyumba za mawe za Bagamoyo zilianza kubomoka katika miaka hiyo, na majumba hubomoka polepole. Mtalii wa leo hudhani ni magofu ya kale sana.

Mtoro hakuyaona hayo. Baada ya Berlin alifanya kazi Hamburg kwa miaka kadhaa pamoja na mtaalamu wa lugha za Kibantu Carl Meinhof, kisha akarudi Berlin, na baadaye akawa anazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Kuzunguka miji katika Ujerumani wa miaka ile maana yake ni treni. Nchi hiyo ilikuwa na daraja la nne, chini ya lile la tatu, la watu wenye vikapu na mizigo yao, nalo liliendelea mpaka mwaka 1928. Yule ambaye katika kitabu cha 1901 ndiye mtu wa miguu, mwenye kujua kila mto baina ya pwani na Uzigua, ndiye aliyeishia kuwa mtu wa reli, akibeba khabari za nchi asiyoweza kuingia na kuwasomea watu waliolipa kiingilio. Alifariki Berlin mwaka 1927. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza na J. W. T. Allen na kutoka mwaka 1981, na huko ndiko alikorejeshewa nafasi yake juu ya jalada.

Na waliobaki nyumbani, walilalaje? Chini ya Waingereza vitanda vya treni vilikuwa vya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu lilikuwa mabenchi, na daraja la tatu lilikuwa ndilo la Waafrika. Haikuhitaji kibao kuandikwa. Mishahara ilikwisha kuandika. Mtu wa pwani aliyekwenda Tabora au Kigoma alikaa wima siku mbili na usiku wake, mtoto mapajani, kuku chini ya benchi, akinunua karanga na mahindi dirishani, na usingizi wake ni wa kuibia. Waliosafiri hivyo hawakulalamika sana katika masimulizi yao; walisimulia vicheko, na watu waliojuana humo wakaja kuoana. Hata hivyo kitanda ni kitanda. Nani alale na nani akae ni jambo la utawala, si la nauli tu.

Kwa hivyo TAZARA ilipokabidhiwa mwezi wa Julai 1976, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kwa mkopo wa Wachina usio na riba na kwa mikono ya Wachina, Watanzania na Wazambia, ilileta zaidi ya njia ya shaba. Wanasiasa walizungumza juu ya shaba na juu ya kuepukana na makaburu wa kusini, na hawakukosea. Lakini kwa mwanamke muuza vitenge, kwa fundi, kwa mwanafunzi, ilikifanya kitanda cha treni ya kwenda nchi ya nje kuwa kitu cha kuulizia bei dirishani. Vyumba vya daraja la kwanza vina vitanda vinne, vya daraja la pili sita. Wanaume hulala kwao na wanawake kwao, isipokuwa watu wa nyumba moja wamekichukua chumba kizima. Kanuni hiyo wageni kutoka Ulaya huicheka, na watu wa pwani huiona ni adabu ya kawaida tu, ya behewa kwa maana yake ya zamani.

Chumba cha wanawake sita kinapotoka Dar es Salaam alasiri, kabla ya magharibi wote wamekwisha kuulizana makwao na watoto wao. Vyakula vinafunguliwa; asiyekuwa na chai anapewa. Aliye juu hushusha mfuko wake kwa aliye chini amtunzie. Usiku treni husimama mahali pasipo taa, kwa sababu isiyoelezwa, na sauti za watu na miguu husikika nje kwenye kokoto, na mmoja wao huamka akahakikisha dirisha limefungwa. Kwa miaka mingi treni hizi zimejulikana kwa kuchelewa, saa sita, saa kumi na mbili, siku. Na aliyechelewa pamoja na wenziwe watano siku nzima huko Makambako huwa amekwisha kuwa mwanakambi.

Kisha ni Tunduma, na ng'ambo ya pili Nakonde. Maafisa wa uhamiaji hupanda ndani. Wabadilisha fedha huwatangulia au huwafuata. Mlango hugongwa, taa huwashwa, na wanawake sita huketi vitandani wakijifunga khanga vizuri, kila mmoja akitafuta pasi yake chini ya mto. Majina husomwa moja moja, mahali pa kuzaliwa, mwaka. Anayesoma hutazama uso, hutazama picha, hutazama tena uso, na waliokwisha kurejeshewa zao hawalali mpaka wa mwisho arejeshewe yake.

Mkaazi wa Dunda anayetaka kupanda treni hiyo huanza safari yake kwa basi, kilomita 65 hivi kwenda Dar es Salaam, kisha avuke jiji mpaka stesheni ya TAZARA. Mji wa Bagamoyo hauna reli mpaka leo.